Mazoezi ya Sauti Ipagala

Nilisomea uimbaji wa opera Ulaya miaka sita, nikarudi Dodoma na sauti ya soprano inayojaza ukumbi bila kipaza sauti. Asubuhi ya kwanza, nyumbani Ipagala, nilianza mazoezi madirisha yakiwa wazi. Sijafika mbali, kina mama watatu wa jirani wakaingia uani wamejifunga kanga, mmoja kabeba mkeka.

"Pole, mwanangu," akasema aliyewazidi umri. "Nani katutoka?"

Nikampa shikamoo, nikamweleza kwamba hakuna msiba, naimba tu. Wakaondoka wakijizuia kucheka.

Miaka tisa imepita. Kwaya ya kanisani ilinikataa, eti nawafunika wenzangu, na ukumbi wa opera hapa haupo. Hata mazoezi nimeacha. Leo wakija na mkeka wao, nitawaambia watandike.