Kitufe Nilichomtengenezea Baba

Admin, naomba ufiche jina langu, maana watu wa kwetu wako humu ndani. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, naishi Tuwan hapa Kitale, na kazi yangu ni kutengeneza simu. Nyumbani kwa wazazi wangu ni kijijini, Tongaren.

Mwaka jana Baba alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, na kuongea kukaisha. Mkono wa kushoto ulibaki, lakini haungeweza kubonyeza vile vitufe vidogo vya simu. Nikakaa, nikafikiria. Nikafungua kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ya zamani, nikachomelea nyaya mbili kwa kile kitufe ambacho ukikifinya kinanipigia mimi moja kwa moja, nikaziunganisha na swichi ya kengele ya mlango niliyoifunga juu ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Sauti nikaipitisha kwa spika ya redio mbovu. Baba akifinya kwa kiganja, simu yangu inalia Kitale. Nikisikia anagumia, nampigia Mama arudi nyumbani. Siku tuliyoijaribu ikakubali, Baba alilia. Na mimi nikalia.

Shida ni kwamba alipenda kunipigia. Mara kumi, mara ishirini kwa siku. Nimeshika simu ya mteja, yangu inalia. "Baba, kuna shida?" Nasikia tu anapumua. Siku moja nikamfokea, "Si upige tu ukiwa na shida, bana!" Hakuacha.

Jumapili nilienda nyumbani nikakata waya mmoja. Halafu, na hapa ndipo naona aibu hata kuandika, nikaweka taa ndogo nyekundu inayowaka akifinya, ndio adhani inapiga. Nikamwambia, "Nimeitengeneza vizuri zaidi, Baba." Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilijiambia ni ya wiki moja tu, nipumue.

Alhamisi Mama alienda kupalilia mahindi. Kurudi, akamkuta Baba ameanguka kando ya kitanda, ameshatuacha. Kiganja kilikuwa juu ya ule mkebe, na taa inawaka.

Nilipofika Mama aliniuliza, "Mwanangu, hakukupigia?"

Nikasema, "Labda mtandao ulisumbua, Mama." Nikauchukua mkebe nikauficha kwa mkoba.

Kaka yangu ni mwalimu Bungoma. Siku ya mazishi alisimama akanisifu, ati nilimfanyia Baba kitu ambacho hata hospitali haingefanya. Kisha akamgeukia Mama, "Lakini Mama, si tulikubaliana mzee asiachwe peke yake?" Mbele ya kanisa lote. Tangu siku hiyo hampigii simu. Mama hatoki nje, chakula anagusa tu, mahindi yamemezwa na magugu. Ananiambia, "Mimi ndiye nilimuua baba yenu." Namshika mkono tu.

Juzi mama mmoja alitoka Lwakhakha mpaka kibandani kwangu, amesikia habari, anataka nimtengenezee mumewe kitufe kama kile. Nilimwambia sijui kutengeneza.

Nikisema ukweli, kaka hatanisamehe, na Mama atajua Baba alikufa akiniita na mimi ndiye nilimkatia waya. Nikinyamaza, naona Mama hamalizi mwaka huu. Msiniambie niombe, nimeomba. Nyinyi mnaosoma, ungekuwa wewe, ungemkalisha mama yako chini umwambie nini kwanza?