Mlango Mmoja wa Kabati la Baba

"Lile kabati halitapona," alisema seremala wa soko la Nyansiongo, mbele ya watu waliokuja kuchukua vitanda vyao. "Na huyu Diploma hataliponya. Miaka mitatu Ulaya kujifunza kupaka! Mama yake anapaka ukuta kwa udongo tangu tuzaliwe, na hana cheti."

Watu walicheka mpaka mmoja akajishika ubavu. Mimi sikucheka. Nilitoka kwetu bila viatu, nikajisomesha Ulaya kwa kuosha vyombo vya watu, nikarudi miaka ya sitini ikielekea kwisha na diploma ya kurembesha samani: kukwangua, kuziba nyufa, kupiga rangi na kuing'arisha. Kisii na Nyamira nzima sikuwa nimesikia mwingine mwenye karatasi kama ile. Kazi tu ndiyo sikuwa nayo. Aliyetaka kiti alimwendea seremala, na seremala alikipaka vanishi kwa kitambaa, basi.

Ndipo kanisa letu jipya la Wasabato likaezekwa. Wazee wa kanisa walitaka mtu wa kupaka rangi viti, mimbari na madirisha. Waliniambia watakuja nyumbani Jumapili asubuhi waone kazi ya mikono yangu. Ikiwapendeza, wananipa kanisa lote. Isipowapendeza, wanamrudia seremala. Nami sikuwa na cha kuwaonyesha ila lile kabati.

Lilikuwa la baba yangu. Mzungu aliyehama shamba tulilogawiwa aliliacha nyuma, mti mzito, milango miwili na droo pana chini, na kwa miaka kuku walitaga humo. Baba alinipa kwa masharti. "Nakukopesha, sikupi. Ukiliharibu utanijengea nyumba ya kuku." Turubai nilimwazima jirani. Brashi, nasikitika kusema, nilimwazima seremala yuleyule, kwa kuwa sanduku langu la vifaa lilipotelea safarini.

"Uirudishe na nywele zake zote," aliniambia.

Siku nne nilikwangua mavi ya kuku na vanishi iliyogeuka lami. Niliziba nyufa kwa unga wa mbao na gundi, nikasugua kwa msasa mpaka vidole vikaota malengelenge. Alhamisi asubuhi nikapiga rangi ya mwisho, kijani ya mafuta, ikatulia kama maji ya kisimani. Nilisimama nikajisifu, na nilistahili.

Mchana baba akaja. Alisimama uani, kwa sababu kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa.

"Litoeni nje nilione."

"Tata, rangi bado mbichi."

"Nimeuliza kama imeiva? Nimesema nilione."

Ungemjibu nini? Mimi na jirani tukalibeba kwa kushika miguu tu, tukaliweka uani, kando ya mikeka ambapo mke wangu alikuwa ameanika maua ya pareto. Juu ya kabati nikatundika turubai. Baba alilizunguka mara mbili, mikono mgongoni. Alinusa.

Mvua ya saa nane ikashuka bila hodi. Mke wangu na mama yangu wakatoka mbio, nami nikashukuru moyoni kwamba wanakuja kuokoa kabati. Walikuja kuokoa pareto. Waliikumba mikeka, wakaisukuma chini ya turubai langu, na upepo ukayarusha maua yote kwenye rangi.

"Jamani, rangi!" nilipiga kelele.

"Rangi ikilowa itakauka," mke wangu alinijibu. "Pareto ikilowa inaoza, na kituoni wanakoinunua hawaipokei."

Baba alikuwa amejikinga kwa jani la mgomba. "Sasa limependeza," alisema. "Lina maua."

Usiku ule sikula. Ijumaa jua likawaka, rangi ikashika, nikaanza kukwangua upya petali moja baada ya nyingine huku nikiwalaani kuku, mvua, pareto na ukoo wangu wote. Alasiri nikapaka ubavu, juu, droo, mlango wa kulia. Nilikuwa nachovya brashi kwa ajili ya mlango wa kushoto mke wangu aliposimama kizingitini.

"Baba mtoto, jua linazama."

"Umebaki mlango mmoja tu."

"Sabato haina mlango mmoja tu."

Alininyang'anya brashi mkononi akaitumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Nilifoka, nikamweleza kwamba nikingoja Sabato itoke Jumamosi jioni rangi haitakauka kabla ya wageni. Aliniletea maji ya kuoga.

Jumapili wazee watatu walifika na umande. Nilikuwa nimevaa suti, diploma iko mkononi ndani ya fremu, maelezo nimeyapanga kichwani. Mkubwa wao alipitisha kidole kwenye mlango wa kulia, kikateleza. Akapitisha kwenye wa kushoto, kikakwama kwenye makovu ya petali.

"Huu mbona umeachwa?"

Nilifungua kinywa. Mke wangu akaniwahi. "Sabato ilimkuta, wazee."

Walitazamana. "Akaacha?"

"Akaacha."

"Na alijua leo tunakuja?"

"Alijua."

Mzee alijifuta kidole kwenye koti. "Huyu atatupakia kanisa," alisema, na wenzake wakaitikia. Wakanywa chai, wakaenda zao. Diploma hakuna aliyeomba hata kuishika. Jambo hilo linanikera mpaka leo.

Kanisa nililipaka, na waliosali humo wanajua lilivyong'aa. Siku niliyomaliza nilizunguka kurudisha vya watu. Jirani nilimpa turubai lake limefuliwa kwa sabuni. Seremala aliigeuza brashi mwangani, akaipuliza, akazikagua nywele, hata moja haikupungua.

"Karibu tena, Diploma," alisema mwishowe, akatazama pembeni.

Jioni tukalipeleka kabati kwa baba, milango yote miwili laini. Alifungua droo, akafunga, akafungua tena.

"Huna deni langu," alisema.

Kabla sijavuka kizingiti, kuku mwekundu aliingia kwa mlango wa jikoni, akarukia droo iliyokuwa wazi, akajikunja juu ya rangi yangu. Nilimwendea kwa mikono miwili.

"Mwache," alisema baba. "Yeye alikaa humo kabla yako."