Ufunguo Uliokwenda Mazikoni

Sipendi kukaguliwa. Nimekaa na mama mkwe miaka kumi na minane, kwa hiyo ukaguzi wa maisha yangu nimeshaumaliza. Wafadhili wetu walipotuandikia kwamba atakuja mtu kukagua usalama wa moto, nilisonya, nikaiweka barua ile chini ya kikombe cha chai.

Jumuiya yetu ni ndogo, ya hisani, na kazi yake watu wa mjini huicheka: tunatunza punda. Ni punda waliochoshwa na magari ya kukokota mawe na mchanga, wenye vidonda mgongoni, vipofu, wazee, wale ambao wenyewe wamewaacha wajifie njiani. Wakati ule walikuwa tisa, katika banda la miti na makuti upande wa Mbweni, na mimi ndiye katibu. Asubuhi hutoka kwangu Mji Mkongwe nanukia asumini. Jioni hurudi nikinuka ninachokijua mwenyewe.

Aliyekuwa akiwaangalia hasa ni mzee mmoja wa Kitumbatu. Hakuwa na mtoto, na punda wale aliwapenda bila kuona haya. Mwaka mmoja kabla ya ukaguzi, wezi walituibia punda wawili, mzee akaugua kwa huzuni, akalala kitandani kweli kweli. Alipoinuka alinunua kufuli kubwa, na ufunguo wake, mmoja tu, akautunga uzi akauvaa shingoni. Nilipomwomba wa pili akanijibu, "Ufunguo wa pili ndio wa mwizi, bibi." Nikaona ana busara.

Mkaguzi alikuja siku ya msiba. Jirani yetu alifariki alfajiri, na kwetu haulizwi nani aende kuzika. Mzee, wasaidizi wake wawili, hata fundi aliyekuwa akitutengenezea bomba, wote waliacha walichoshika wakaenda. Nikabaki mimi, jua, na punda tisa waliofungiwa ndani.

Alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu wa mwisho, mtandio umebanwa vizuri, viatu vizito vya kazi miguuni. Aliniamkia kwa adabu kisha akalizunguka banda polepole. Aligusa waya wa umeme tulioufunga kwa kamba. Akatazama makuti juu, akatazama majani makavu tuliyoyarundika ukutani, na kando yake kile chungu ambamo mzee huchoma makumbi ya nazi ili moshi ufukuze nzi.

"Mama, nifungulie niwaone."

"Ufunguo anao mzee."

"Na mzee yuko wapi?"

"Keshakwenda mazikoni."

Akatazama saa yake, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilimletea chai, akanywa huku jicho liko kwenye saa. Nikadhani ana dharau, nikaanza kumchukia kwa raha zangu.

Wanaume waliporudi, udongo wa kaburi ulikuwa bado kwenye kanzu zao. Mzee akavua uzi shingoni, akafungua, akasema kwa fahari, "Hao, mwanangu, wote tisa. Hapa haingii mtu."

"Na punda hatoki, baba," akajibu yule binti, kwa upole. "Nimekaa saa nzima na robo. Moto ungeshika nilipofika, sasa hivi wote wangekuwa washakufa. Na huyu mama angekuwa anawasikia."

Neno lile la mwisho lilinichoma. Niligeuka nikajifanya natafuta kiatu. Kwa siku mbili mzee alizungumza na punda tu.

Nilitarajia tutaletewa karatasi ya makosa. Badala yake siku ya tatu binti alirudi mwenyewe na nyundo, na hapo ndipo chuki yangu iliponitoka. Alibeba majani nasi mpaka kwenye kibanda cha mbali, akamleta fundi wa waya, akatujazia ndoo za mchanga. Chungu cha makumbi hakukivunja. Alimwuliza mzee upepo huvuma kutoka wapi, wakakihamishia uwanjani pamoja. Mabati ya paa badala ya makuti tungeweza kuyangoja, lakini mlango haungojei, kufuli liondoke, alisema.

Mzee akakataa. "Nikiondoa kufuli, wezi. Nikibaki kulinda, n'ache kuzika? Na mimi atanizika nani?"

Binti akasema, "Sijui, baba. Hilo wewe ndiye unayelijua." Nimesoma na watu wengi waliosoma, wanaoweza kusema sijui mbele ya watu nawahesabu kwa vidole.

Kesho yake, baada ya Alasiri, mzee alituita. "Kuzika ni fardhi kifaya," akasema. "Wakienda baadhi, wengine imewatoka. Lakini hawa humu ndani, wakituhitaji, hawana baadhi." Akalikata kufuli kwa msumeno mbele yetu. Alichonga komeo la mti linalosukumika kwa mkono mmoja, akatoboa mlango wa pili nyuma, na kitanda chake akakisogeza karibu kwa ajili ya wezi. Tangu siku hiyo, penye msiba, mmoja wetu hubaki kwa zamu, nami na magoti yangu nimo. Binti alitufanyisha mazoezi ya kuwatoa punda, kwanza yule kipofu asiyeiona njia, mpaka nikamwita dhalimu.

Zamu yangu iliangukia siku ya kaskazi kali. Jirani mmoja alikuwa anachoma takataka za shamba, upepo ukageuka, na nilipoinua kichwa kibanda cha majani kilikuwa kimeshawaka na cheche zinatua kwenye makuti. Niliogopa, sifichi. Lakini mkono ulikuwa umeshazoea: nikasukuma komeo, nikamtoa kwanza yule kipofu kama nilivyofundishwa, na wanane wakamfuata nyuma mpaka kwenye muhogo wa watu. Ndipo nikawapigia simu zimamoto. Banda lilikwisha kabla sijamaliza kueleza tuko wapi.

Mzee alikuja mbio kutoka makaburini, kanzu kaikusanya mkononi. Hakulitazama jivu. Aliwashika mmoja mmoja masikio, akihesabu kwa sauti, na alipofika tisa akakaa chini akalia.

Binti naye alifika, moshi bado unafuka. Mzee alijifuta uso, akainuka, akamwendea. Mtu wa umri ule, mbele ya wasaidizi wake na majirani wote, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

Binti akarudi nyuma hatua moja, mikono mdomoni. "Baba, tafadhali, usinitie dhambini."

Mzee hakuondoka. Alisimama pale pale, kainama, anangoja aitikiwe.