Mtu wa Kioo na Mwamba wa Ijangwe

Saa mbili kasorobo asubuhi, siku ya Jumamosi, Anaeli Mrutu amekaa juu ya mwamba wa Ijangwe, miguu yake ikining'inia upande wa Same, akifuta kioo kwa kipande cha flana. Anakifuta taratibu, kwa kuzungusha, kama mama anavyomfuta mtoto masikio. Kioo chenyewe ni cha duara, ukubwa wa kisahani cha chai, nacho kimesimama juu ya miguu mitatu ya mbao. Katikati kina kitundu cha kuchungulia.

Chini kabisa, bondeni, reli inaonekana kama uzi uliomponyoka fundi cherehani. Nyuma ya Anaeli kilele cha Shengena kimetoa kichwa juu ya mawingu. Lakini upande wa kaskazini, inakopaswa kuwako milima ya Usangi, hakuna kitu. Ni weupe tu, mzito, kama uji wa mgonjwa.

"Iko," anasema Anaeli bila kuinua macho. "Milima haiendi sokoni. Ule ni moshi wa watu wanaochoma mashamba."

Leo ni siku ya tisa, na ndiyo ya mwisho aliyopewa. Ikifika saa kumi na moja jioni mwanga wa kioo chake haujaonekana Usangi, Jumatatu vibarua kumi na wawili wataingia na mashoka katika mpungi, yaani ule msitu mdogo wa ukoo ulio juu ya kijiji cha Vudee, wafyeke njia ya kupitisha mwanga.

Huu ni mwaka wa pili tangu serikali ianze kuipima milima ya Upare ili ichorwe kwenye ramani. Kila kilele kinachochaguliwa hujengewa nguzo ya saruji. Mzungu anayepima, ambaye watu humwita Bwana Mpima tu, husimama na darubini yake juu ya kilele kimoja, na mtu wa kioo hukaa juu ya kingine akimrushia mwanga wa jua. Nukta hiyo ya mwanga, inayosafiri maili thelathini, ndiyo Bwana Mpima anayoipimia. Isipomfikia, hakuna kipimo.

Anaeli ana umri wa miaka arobaini na minne, na watoto watano. Analipwa shilingi sitini kwa mwezi na unga kibaba kimoja kwa siku. Ni pungufu ya mshahara wa dereva, lakini unazidi wa mkata mkonge, naye hulala kwake kila kilele kinapokuwa karibu na nyumbani.

Kabla ya kioo alikuwa mtu wa baiskeli. Kwa miaka kumi na miwili aliteremsha ndizi kutoka Vudee hadi stesheni ya Same, mikungu minne kwa safari, akarudi na chumvi na mafuta ya taa. Baiskeli yake ni nyeusi, nzito, na breki zake ziliisha zamani. Akianza kuteremka hukata tawi kubwa lenye majani, akalifunga nyuma kwa kamba, likaburuzika na kumshika. Watu wa bondeni huona vumbi kabla ya kumwona mwenyewe.

"Kupanda unaisukuma, kushuka inakusukuma," anasema. "Siku utakayopanda mlima umekaa kitini, ujue unaota."

Ni kusukuma huko kulikompa kazi. Melkizedeki, nyapara wa kikosi cha upimaji, alikuwa akipanda mlima na watu wake, wote wamefungua vifungo vya mashati kwa joto. Akapitwa na mtu anayesukuma baiskeli yenye madebe mawili ya mafuta, anapiga mluzi.

"Sikumuuliza jina," anasema Melkizedeki. "Nilimuuliza mluzi huo anautolea wapi."

Mwanzo wake katika kazi haukuwa wa kujisifia, na Anaeli mwenyewe husimulia kabla hujasimuliwa na wengine. Wiki ya kwanza aliwekwa juu ya kilima karibu na Same, akaambiwa aangalie mashariki, ataona mwanga wa mwenzake, aujibu. Akauona. Akaujibu siku mbili kutwa, shingo ikakakamaa.

"Siku ya tatu nyapara akaja anahema. 'Anaeli, unazungumza na nani?' Nikamwonyesha kwa kidole. Akatazama, akakaa chini. 'Lile ni bati jipya la kanisa,' akasema. 'Umezungumza nalo siku mbili. Limekujibu nini?'"

Mkewe, Zipora, hajawahi kuiacha habari hiyo ipoe. "Ndiye Mlutheri pekee ninayemjua," anasema, "aliyekaa ibadani siku mbili mfululizo bila kutoa sadaka."

Tangu hapo Anaeli hauamini mwanga mpaka aujaribu. Huvua kofia yake, akaziba kioo mara tatu. Mwanga wa mbali nao ukizimika mara tatu, huyo ni mtu. "Bati haliwezi kufumba jicho," anasema.

Matatizo ya mwaka huu yalianza Bwana Mpima alipotaka nguzo juu ya Vudee. Sharti lake lilikuwa moja: mahali pa nguzo paone vilele vitatu kwa pamoja, Usangi kaskazini, Shengena kusini, na kilima kimoja ng'ambo ya reli. Kilele kirefu kuliko vyote pale kinaona viwili. Cha tatu kimezibwa na mpungi.

Ndani ya mpungi kuna chemchemi, ambayo miti ikikatwa hukauka. Maji yake huingia ndiva, lile bwawa la udongo lililochimbwa na mababu, na kutoka hapo hugawiwa kwa zamu, kwa mifereji, hadi mashamba ya mahindi na maharage ya nyumba arobaini. Mgawaji ni Mzee Sefania, mtu mkavu wa maneno, ambaye huijua zamu ya kila nyumba kama ajuavyo majina ya mbuzi wake.

Melkizedeki alikwenda kwake kwa adabu. Alimwambia njia itakuwa nyembamba, miti ishirini tu.

"Una meno mangapi, nyapara?" Mzee Sefania akamuuliza.

"Thelathini na mawili, Mzee."

"Nikikung'oa ishirini ya mbele, kisha nikakuambia yamebaki kumi na mawili, utanishukuru?"

Melkizedeki hakukasirika. Anasema hakuja Upare kugombana na miti. "Mimi nimeagizwa vilele vitatu vionane. Anayejua mahali pengine anionyeshe, nitamwamkia shikamoo hata akiwa mdogo wangu."

Hapo Anaeli alisimama mbele ya wanakijiji wote waliokusanyika kusikiliza, akaomba siku tisa za kutafuta mahali pengine. Haikuwa rahisi kusimama. Jirani mmoja alimkata kauli: "Kaa, wewe. Wewe ni mtu wao." Na ni kweli, unga wake unatoka kwa wenye mashoka. Lakini shamba la Zipora linanywa ndiva ileile.

"Nikipokea mshahara wa kukausha maji ya mke wangu," anasema, "unga huo nitausonga kwa maji gani?"

Akaanza kutafuta. Siku ya kwanza mpaka ya tano alizunguka migongo yote ya juu ya Vudee, akipanda na baiskeli hadi njia inapokufa, akaiegemeza kwenye jiwe, akaendelea kwa miguu na sanduku la kioo kichwani. Sanduku lina uzito wa ratili arobaini, na miguuni ana katambuga za tairi. Mahali pamoja paliona Usangi vizuri lakini Shengena ilijificha. Mahali pengine paliona vyote, isipokuwa jiwe lenyewe lilitikisika. Siku ya sita ilikuwa ukungu kutwa, akarudi na nguo mbichi.

Jioni ya siku hiyo Zipora alimtazama akijikausha motoni, akamuuliza: "Baba Lea, Ijangwe umefika?"

"Ijangwe ni chini. Pana nini?"

"Pana majani ya ng'ombe. Nikiinama kukata, naona gari moshi. Nikijinyoosha kiuno, Shengena inanitazama kisogoni."

"Na Usangi?"

"Usangi sijui. Mimi nilifuata majani."

Mwamba wa Ijangwe umetokeza nje ya mlima kama mdomo wa birika. Wanaume hawapiti pale, maana hapaendi kokote. Ni wanawake wanaopajua, kwa sababu ya majani. Anaeli alifika siku ya saba alfajiri. Reli aliiona, na ng'ambo yake kile kilima. Shengena aliiona. Mpungi ulikuwa juu yake, pembeni kabisa, hauzibi chochote. Kaskazini kulikuwa na moshi. Siku ya nane, moshi. Akampelekea Bwana Mpima barua Usangi kwa mkono wa mpanda baiskeli mwingine, kwamba Jumamosi watazame Ijangwe.

Na Jumamosi ndiyo leo. Saa nne weupe haujasogea. Saa saba Zipora anapanda na bakuli la makande limefungwa kwa kitambaa, anaketi hatua tatu nyuma. Melkizedeki naye yuko, daftari mapajani, anatazama saa yake mara nyingi kuliko inavyohitaji kutazamwa. Anaeli hagusi chakula. Kila baada ya dakika chache anasogeza kioo kidogo, kulifuata jua.

Saa tisa na robo upepo unaanza kutoka tambarare. Mwanzo unavuta tu kona ya kitambaa cha makande. Kisha weupe wa kaskazini unapasuka chini, halafu juu, na bega la mlima linatokeza, la buluu. Katikati ya bega hilo, nukta inameta.

"Ndio wale," anasema Melkizedeki, na kusimama.

"Kaa, nyapara. Usangi nako kuna mabati."

Anaeli anavua kofia. Anaziba kioo, anaachia. Anaziba, anaachia. Anaziba kwa mara ya tatu, anaachia, kisha anashika magoti yake na kungoja. Nukta inaendelea kuwaka. Zipora ameinuka bila kujijua. Kisha nukta inazimika. Inarudi. Inazimika tena, inarudi, na mara ya tatu inakawia kurudi hata Melkizedeki akatoa sauti ya kukohoa. Inarudi, nayo inatulia.

Anaeli anageuka. "Mama Lea, leta makande."

Melkizedeki anaandika, anaweka kalamu sikioni, kisha anainama kidogo. "Shikamoo," anasema.

"Mwamkie aliyefuata majani," Anaeli anajibu, mdomo umejaa.

Jumatatu vibarua kumi na wawili walipanda kweli, ila walibeba mchanga, saruji na madebe ya maji, wakapita chini ya mpungi bila kusimama. Mzee Sefania alikuja kuukagua mwamba, akaugonga kwa fimbo. "Hapa pana upepo, mwanangu," akamwambia Anaeli. "Saruji yao itapata mafua." Akarudi kwenye zamu yake ya maji.

Mwakani, kiangazi kikianza, kikosi kinahamia Usambara, na Anaeli ametakiwa aende nacho. Amekubali kwa sharti moja, ambalo Melkizedeki ameliandika kwenye daftari: yeye atatangulia mwezi mzima, na baiskeli yake, kabla ya kibarua yeyote. Anataka kutembelea vilele vya kule kimoja kimoja, na kuuliza akina mama wanakatia wapi majani.

"Hapa kwetu mashoka yalifika kwanza, mimi nikayakimbiza kwa nyuma," anasema akifunga sanduku la kioo kwenye keria ya baiskeli. "Kule nao wana chemchemi zao. Safari hii watanikuta mimi nimeshakaa juu ya mwamba."