Majani Nyuma ya Kiti

Dereva mmoja wa lori haketi kwenye kibanda cha gemu cha Lupakisyo, pale wanapoegesha malori Mikumi, kabla hajaupiga teke kila mguu wa kiti cha plastiki, kama anayekagua matairi. Kisha hufuta viganja kwenye suruali, huvaa ile miwani mikubwa ya mchezo inayomwonyesha barabara, na kushika usukani wa mezani kwa vidole viwili. Marselina, muuza chapati wa mlangoni, hamwachi: "Shemeji, funga mkanda, trafiki hao." Yeye hujibu kwa honi ya mdomo. Lori la kweli hajaligusa tangu mwaka jana, lilipomharibikia hifadhini akasinzia bila kuweka majani barabarani kuwaonya wanaokuja nyuma, na mtu wa bodaboda akajipigiza nyuma, akavunjika miguu yote miwili. Tajiri, mwenye lori, amempa hadi Ijumaa: arudi, au funguo zipate mwingine.

Alhamisi, lori la kwenye miwani lilizima mlimani. Dereva akavuta breki ya mkono isiyokuwepo, akainuka na miwani yake usoni, akapapasa mpaka mlangoni, akakwanyua tawi la mwarobaini, akarudi kulilaza nyuma ya kiti. Kichwa kilijua ni mchezo. Mikono haikuambiwa.

"Mzee, hicho ni kiti," Lupakisyo akacheka.

"Wewe nyamaza. Tawi moja halionekani mbali," Marselina akasema, akavunja la pili, akamshikisha.

Dereva akalilaza nalo. Akavua miwani, akafuta jasho, akauliza, "Tajiri yuko wapi saa hizi?"