Mpangaji wa Shimoni

Nilifundisha Kiswahili hapa Kwale mpaka nikastaafu, na neno lililokuja kunitoa jasho ni neno ambalo mtoto wa darasa la pili analijua.

Mswada ulitufikia Jumatatu. Ulihusu upangaji wa ardhi ya ufuoni huku mpakani: nchi mbili zishirikiane, sisi na ndugu zetu wa Tanzania, gati na madiko ya kushushia samaki yapangwe kwa pamoja. Jambo jema, nilisema. Lakini maoni yetu yalitakiwa kesho yake, maana wabunge walikuwa wanakwenda likizo Alhamisi. Nilipewa mswada wenyewe, kitabu kizima cha Kiingereza, niwafasirie watu wa Shimoni baina ya adhuhuri na alasiri, pale kwenye banda la kupimia samaki. Nilipotaja kwamba haraka haina baraka, mwenyekiti wa mkutano alinikata: "Mwalimu, hatuna muda wa methali."

Basi nikafasiri kwa pupa. Watu walikuwa wameniudhi kwa kuuliza maswali ambayo hata mimi sikuyajua majibu yake, nikatafuta njia ya mkato. Nikawaambia, "Upangaji ni kazi ya kupanga mambo ya ardhi. Anayepanga ni mpangaji. Leo sisi sote ni wapangaji!" Wakanipigia makofi. Nilijiona nimesema.

Kisha zikaja fomu. Zilikuwa zimetayarishwa na kamati ya pamoja ya nchi mbili, kwa Kiswahili safi, na kila mtu alitakiwa kutia alama kwenye neno moja: mmiliki, mpangaji au mvuvi. Wengi walikuwa wavuvi, hawakupata taabu. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, si mvuvi. Anakaa hatua chache kutoka gatini, katika nyumba aliyozaliwa. Hati ya shamba hana, kama wengi wetu tusivyokuwa nayo.

"Shikamoo shangazi. Tia alama hapa, mmiliki," nilimwambia.

"Marahaba. Astaghafirullah, mwanangu! Mmiliki ni Mwenyezi Mungu peke yake. Mimi nitaandikaje kuwa namiliki ardhi yake?"

"Ni neno tu la serikali, shangazi."

"Hata. Wewe si umetwambia sisi ni wapangaji? Basi mimi mpangaji."

Akatia alama, akaweka na dole gumba. Nami nilisimama pale, kalamu mkononi, nikimtazama. Naapa sikuona kosa. Nilifurahi hata, kwamba ametia maanani somo langu.

Fomu zilipokwisha kufungwa ndani ya bahasha, afisa wa kamati aliyetoka ng'ambo ya mpaka aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, yule bibi amepanga kwa nani?"

"Amepanga nini?"

"Nyumba. Ameandika mpangaji."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwanangu mwenyewe ni mpangaji, amepanga chumba Ukunda, na kila mwezi ananipigia simu kumlalamikia mwenye nyumba. Neno nilikuwa nalo nyumbani kwangu, nikalisahau bandani. Nilimkimbilia mwenyekiti nikamwomba afungue bahasha. Alisema imeshatiwa lakiri, na gari lilikuwa linaondoka. Tutarekebisha mbele ya safari, alisema. Mbele ya safari ilikuwa wapi, sikuelewa.

Jumatano redio ilisema mswada umesomwa, umejadiliwa na umepita. Yote hayo yalifanyika baina ya taarifa ya saa saba na ya saa kumi. Nilijaribu kuhesabu ni nani aliyepata nafasi ya kukisoma kile kitabu. Mimi mwenyewe sikukimaliza. Mpaka leo sijui kama fomu zetu zilifika kabla ya wabunge kupiga kura au baada yake, na kila niliyemwuliza amenielekeza kwa mwingine.

Juzi shangazi alikuja kwangu na barua ya kamati. Nilimsomea. Kila mpangaji wa kando ya gati alete ridhaa ya maandishi kutoka kwa mwenye ardhi, ama ahame kabla ya ujenzi kuanza. Nilimweleza kosa ni langu, nikamweleza tena. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

"Hiyo ardhi aliniachia babangu," alisema. "Kama wanataka ridhaa ya maandishi, wewe ndiye ujuaye kuandika. Mwandikie."

"Nimwandikie nani, shangazi?"

"Babu yako."

Nilidhani anafanya mzaha, nikamtazama usoni. Hakuwa anacheka. Alikuwa amekaa, mikono mapajani, akinisubiri. Nikachukua karatasi, maana sikujua la kufanya. Nikaandika jina la babu, na chini yake anwani: nyuma ya jiko, kaburi la pili, Shimoni.