Hisa Zetu Zilikuwa Chupa Tupu

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha limonadi pale Butembo, Bwana Meneja, Mbelgiji mwenye sauti ndogo, alinipa miwani ya wavu wa chuma.

"Vaa. Shupa hapana rafiki ya mutu."

Nilidhani anatania, mpaka chupa moja ikapasuka mbele ya pua yangu. Nilikuwa nimetoka sekondari, na kazi niliyoitafuta ilikuwa na sharti moja: iwe karibu na jiko la mama yangu.

Vijana, limonadi haina uchawi. Sharubati inatangulia ndani ya chupa, yanafuata maji yaliyoshindiliwa gesi, halafu kifuniko cha bati, kapsule, kinabanwa haraka. Lakini gesi inapenda maji baridi. Kwenye maji vuguvugu inatoroka. Ndiyo maana tulitengeneza Butembo penye baridi, tukauza Beni penye kiu.

Uhuru ulipofika, Bwana Meneja alifunga masanduku yake, na wafanyabiashara wakanunua kiwanda kwa hisa, sisi tukisema aksio. Karatasi hawakuiamini.

"Karatasi inaungua," alisema Hadji, msafirishaji wa Beni aliyekuwa Mwenyekiti wetu. "Mutu aone aksio yake na macho."

Basi mtaji ukawa chupa. Kila mwenye hisa alinunua makasha yake, tukapaka rangi kwenye vitako: buluu za Hadji, nyekundu za Mama Kavira, muuza mchele wa Mangina. Nyeupe zilikuwa zangu, chache tu. Niliuza mbuzi ili nizipate. Mke wangu alisema nimebadilisha nyama kwa upepo.

Kisha ikaja habari kwamba waasi wanakaribia. Tulikutana kiwandani. Mimi nilitaka chupa zibaki pamoja, Hadji akakataa.

"Kila mutu abebe yake, afiche. Batapora nyumba moja, hapana nyumba yote."

"Mais Hadji, kama batu hapana rudisha?" nikapinga.

Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyekojoa kitandani. "Donc, basi, weye ulinunua aksio na batu gani?"

Makasha yakaondoka, nikabaki na mashine. Watu walisifu ushujaa wangu. Wenye kunijua walijua kwamba safari ya kwenda Beni tu ilikuwa inaniharisha.

Vita vilipopoa, tulipata sukari, tukapata gesi kutoka ng'ambo ya mpaka. Chupa mpya hazikupatikana kwa njia yoyote. Bila zile za vitako vya rangi, kiwanda kilikuwa chuma tupu, na mbuzi wangu amekufa bure. Nikawa nakaa mlangoni, naangalia barabara ambayo sikuwahi kuipenda.

Mama Kavira alifika wa kwanza, na wanawake nyuma yake, makasha mgongoni, kamba kwenye paji la uso.

"Munisamehe," akasema. "Niliweka ndani mafuta ya mawese, ili zifanane na za jikoni."

Hadji alifika wa mwisho, na kamyo, lori lake la mizigo. Nilipozibua chupa yake ya kwanza, ikatoka harufu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Mama Kavira akanusa.

"Hadji, ata weye?"

"Niliziachaka kwa jirani," akasema Hadji, akitazama mlima. "Jirani ni mukristu."

"Na kule musikitini, banamujua ule jirani?"

"Mama, tuoshe shupa."

Tuliziosha kwa maji moto na magadi mpaka vidole vikabadilika rangi. Hata hivyo limonadi ya kwanza ilibaki na harufu kidogo, na wateja wa Beni waliiulizia muda mrefu: "ile ya vita".

Nilistaafu siku soda za mbali ziliposhinda zetu na mashine ikanyamaza. Ninayo chupa moja chini ya kitanda, kitako buluu. Mke wangu anaitaka aitilie mafuta ya kupikia. Nilimwambia ni mali ya mutu, haiguswi mpaka wenye aksio wakutane.

"Wako wapi?" akauliza.

Mama Kavira tulimzika, na Hadji kabla yake. Niliitoa chupa, nikaifuta vumbi, nikairudisha mahali pake.